Nani Alianika Nguo?

Mwaka wa 1984 nilikuwa na miaka kumi na minane, na ile mwaka njo taabu ilinijua jina. Ya baba na mama yangu sitaandika. Bako mu kaburi, bapumzike. Ya masomo sitadanganya: nilifika cinquième primaire, darasa ya tano, nikaona mulango, nikatoka. Nilikuwa nabeba ciment kwa bwana mumoja wa kujenga manyumba, na siku moja ule bwana alikimbia na mali ya bantu, akaenda upande wa Mokambo, akavuka mupaka ya inchi, na mpaka leo hakuna mwenye alimuona tena. Kwa mushahara yangu aliniachia ngazi. Ngazi ya mbao, ndefu, nzito, yenye kukosa muti mumoja wa kukanyagia, hapa katikati. Benzangu balicheka: "Sasa weye utakula ngazi?" Nilibeba ngazi yangu ku bega, nikapita nayo mu mutaa yetu ya Kampemba nzima sawa muntu mwenye anatafuta ukuta ya kuegemea na hajui ni ukuta gani. Leo ninasema bila haya: kila kintu yenye niko nayo, nilipandia ile ngazi.

Ninaandika juu ya kintu yenye nilisikia ku kilio. Mwezi iliopita tulimuzika Mama Ngoie. Tuliikala ku parcelle, kiwanja yenye nyumba yake iko, chini ya bâche ya turubai, ku biti ya plastiki, na chai yenye sukari mingi, sawa vile banafanya ku kilio, ili uchungu isipate nafasi mu kinywa. Nyuma yangu kulikuwa bijana benye habakujua kama masikio yangu iko nzima. Mumoja akasema: "Munaona ule muzee wa kofia? Njo yeye Papa Expert. Zamani nkuba, radi ya mbingu, ilianguka hapa-hapa, ku hii parcelle, na yeye alitaja muntu mwenye aliituma." Mwingine akauliza: "Alitaja nani?" "Aa, sijui. Lakini alitaja. Bale bazee ba zamani balikuwa na dawa mu macho." Nilishika kikombe ya chai mpaka ikapoa. Kazi yangu yote, tangu ile mwaka mpaka nywele ikakuwa nyeupe, ilikuwa kazi ya kukataa kutaja. Na sasa, mbele ya jeneza ya ule mama, yeye kati ya bantu bote, banasema nilitaja! Basi musikilize vile ilikuwa.

Nitaanza na chumba, sababu ningali ninalala mu ile chumba mara na mara, mu ndoto. Ilikuwa nyuma, mu nyumba ya Mama Ngoie. Mama Ngoie alitoka Mitwaba, kule mbali, zamani. Hakuwa na bwana, hakuwa na mutoto, alikuwa na mapipa. Alipika munkoyo, ile kinywaji ya mahindi na mizizi yenye mutoto na muzee banakunywa pamoja, na nyumba yote ilikuwa na harufu yake, tamu na chungu kiloko, harufu ya kintu yenye inaanza kubadilika na haijajua itakuwa nini. Malata ya paa ilikuwa ya kununua kwa bantu bengine, yenye matundu ya misumari ya nyumba ingine, nyumba yenye sikuijua. Asubuhi jua iliingia mu yale matundu, ikafanya vidoti ya mwangaza ku blanketi yangu. Nililala paka vile tu, nikaiangalia ikitembea pole-pole kutoka ku magoti mpaka ku kifua, na kabla haijafika ku shingo Mama Ngoie alikuwa anagonga sufuria: "Weye wa ngazi! Uji inapoa!" Mangaribi tulikula pamoja karibu na mbabula yake ya makala: bukari ya mahindi, majani ya lenga-lenga, siku ya heri tusamaki twa kapenta. Alinipa kipande ikubwa ya bukari, akasema: "Kula. Ngazi haisimame yenyewe."

Nyumba haikuwa yake. Parcelle yote ilikuwa ya Mama Béatrice, mujane wa Papa Mukendi, mwenye dépôt, stoo ya kuuzia bunga ya mahindi, hapa mbele ku avenue. Mama Ngoie alipanga nyumba ya nyuma kwa Mama Béatrice, na miye nilipanga chumba kwa Mama Ngoie. Kwa hiyo kama Mama Béatrice anakohoa, shiye bawili tunashika kifua. Kati ya dépôt na nyumba yetu kulikuwa muti ya avoka, murefu kupita nyumba zote za avenue, na kutoka ule muti mpaka ku musumari mukubwa wa paa ya dépôt kulikuwa waya ya kuanika nguo. Papa Mukendi njo aliifunga, mbele ya kufa, ili bibi yake aanike mifuko ya bunga. Lakini waya ku jua haikose bantu. Nguo ya avenue nzima ilikuwa inapita pale. Siku ya mupepo niliangalia kutoka ku mulango yangu mashuka na bitenge binapanda na kushuka, nikafikiri: parcelle yetu inataka kuruka, inangoja paka muntu akate kamba.

Kazi nilipata sababu ya ngazi, si sababu ya akili. Kulikuwa mutuelle ya bachuuzi ba Kampemba: kila mumoja anatia kiloko yake, na siku malheur inafika, mupepo inabeba paa, mvula inaangusha ukuta, moto, nkuba, mutuelle inamujengea mwenye alipoteza. Mbele ya kulipa, inatuma expert akaone ni nini iliharibika na ilitoka wapi. Expert yabo alikuwa Papa Tshibangu, muntu wa Kasai, munene, mwenye kufunga cravate ku shingo hata siku ya matope. Alisoma mingi, lakini kintu moja masomo haikumutolea: aliogopa kupanda. Juu ya kiti tu, magoti yake inacheza. Alinikuta nimeegemesha ngazi ku ukuta ya soko, nikingoja bahati.

"Ngazi ni ya nani?"

"Ya miye, Papa."

"Na weye ni wa nani?"

"Wa ngazi."

Alicheka mpaka cravate ikaruka. "Unajua kuandika?"

"Jina yangu."

"Inatosha. Kuandika ni kazi yangu. Weye utapanda, utashika, utaniambia." Kisha akaacha kucheka, akanionyesha kidole. "Na usikie muzuri, mwanangu. Expert haseme kintu yenye alisikia. Hata kintu yenye aliona, afikiri mbele. Expert anasema paka kintu yenye mukono yake ilishika."

Ile mwaka mupepo ilikuwa na wazimu. Ilianza na mvula ya kwanza, ikatembea quartier kwa quartier sawa muntu mwenye analipisha deni, na shiye nyuma yake, Papa Tshibangu na mwavuli, miye na ngazi. Sasa, mu uzee, sikumbuke tena nyumba moja-moja, ninakumbuka ukimya. Kisha mupepo kubwa kupita, muji inanyamaza namna ingine. Unapanda juu ya kuta yenye haina paa, unaangalia ndani ya maisha ya bantu sawa Mungu: kitanda, sufuria, picha ya ndoa, mutoto amelala ku meza, na mawingu inapita mu kioo yenye iko imelala chini. Mbali, cheminée ya mine, ile bomba ndefu ya moshi, na ule mulima mweusi wa takataka ya mashaba, na juu yake mbingu imenawa uso. Malata tulikuta mahali ya kushangaza. Lata moja ililala mu shamba ya mihogo, imekunjwa, sawa muzee mwenye alichoka akasema nitapumzika hapa. Nilikuwa nalala na kuota malata inarudi kwabo asubuhi, moja-moja, kimya, kila moja inatafuta misumari yake. Nilishika mbao ya kuoza, matofali yenye kulowana, misumari yenye kukonda na kutu. Papa Tshibangu aliuliza kutoka chini: "Umeshika nini?" Nikajibu. Hiyo njo ilikuwa école yangu, shule yangu ya pili.

Lakini kulikuwa taabu moja, na ilikuwa ndani ya neno. "Expert" bantu balisikia ku redio, balisikia ku bureau, lakini ku avenue balilielewa kwa namna yabo: muntu mwenye anaona kintu yenye bengine habaone. Na kwetu muntu wa vile iko na jina tangu zamani, njo nganga, na hakuna mwenye anamuita juu ya kupima malata. Siku moja tulifika kwa muzee mumoja mwenye mupepo ilibeba paa yake. Tulikuta bametandika kitambaa nyeupe ku kiti. Kuku ilifungwa miguu, pale chini. Muzee alipiga makofi kiloko, ya heshima.

"Ba Papa Expert, muikale. Kuku ni yenu. Sasa mutuambie: ni nani?"

Papa Tshibangu alipanguza miwani yake. "Ni mupepo, Papa."

"Mupepo tunajua, tuliiona kwa macho. Tunauliza mwenye aliituma."

"Papa, miye niko muntu wa mutuelle."

"Njo maana nimeleta kuku na si jogoo, jogoo ni ya nganga wa kijiji," muzee akajibu, na bibi yake akaitika "Ehee" sawa ku misa.

Mu njia ya kurudi, kuku ikaachwa pale, Papa Tshibangu hakucheka. Aliniambia kama mu Kifaransa banaandika "cause", na muntu anaulizwa: nini ilileta? Lakini shiye tukisema "nini", masikio inasikia "nani". Kiherufi kimoja kinabadilika, na muntu anatolewa mu nyumba yake. Tena, mutuelle ilikuwa na sheria yake: ililipa malheur, haikulipa palabre, ugomvi ya bantu. Kama bintu biliharibiwa na mukono ya muntu, mutuelle inasema: ule muntu njo alipe. Kwa hiyo mwenye alitaja "nani" alipoteza mara mbili: jirani yake, na paa yake. Balijua, na bado balitaja. Mupepo yenye haina mwenyewe inatesa roho kupita mupepo yenye iko na jina.

Sasa ninafika. Ilikuwa katikati ya majira ya mvula, siku ya Alhamisi. Mama Ngoie alianika bitambaa yake ya kuchujia munkoyo ku waya, na maji ikadondoka juu ya mifuko ya bunga ya Mama Béatrice yenye ilipangwa chini ya waya. Nilikuwa ndani, ninapiga pasi ya makala. Ukuta ilikuwa nyembamba, nilisikia yote.

"Ngoie! Bunga yangu inakunywa munkoyo yako! Miye ninauza bunga, siuze uji!"

"Nitatoa, Béatrice. Acha nimalize kuchota."

"Utatoa sasa! Hii waya ni ya bwana yangu. Weye, ya bwana yako iko wapi?"

Kisha sauti ya kitambaa yenye maji ikianguka mu matope, paf, na ingine, paf. Mama Béatrice aliitupa yote. Mama Ngoie aliinama akaokota, moja-moja, na akasema kwa sauti ya chini, lakini avenue nzima ilisikia, sababu avenue nzima ilikuwa imesimama ku lupango, uzio ya parcelle: "Mungu anaona, Béatrice."

Kesho yake, Ijumaa, kisha saa ya kula, mbingu ikakuwa rangi ya mashaba ya zamani. Batoto balikimbia kuingia. Nilikuwa ku mulango yangu. Sitasahau: mwangaza ilikuya mbele ya sauti, nyeupe, bila kivuli, na kwa ile nukta niliona kila jani ya muti wa avoka peke yake, sawa muntu alipatia kila moja jina. Shati yangu moja ya maana ilikuwa ku waya, imenyoosha mikono. Kisha dunia ikapasuka. Kisha mvula. Nilipofungua macho, dépôt ilikuwa inatoa moshi chini ya malata, na waya haikuwapo, na kulikuwa harufu yenye ninasikia haya kusema: ilikuwa harufu nzuri. Mahindi ya kukaanga. Bunga yote ya Mama Béatrice ilikaangwa ndani ya mifuko, na Kampemba ikanukia sawa jikoni ya mama ya kila muntu. Batoto balitoka ku mvula, banavuta pua, banacheka, na bakubwa balibapiga bakae kimya.

Hakuna mwenye alikufa. Lakini Mama Béatrice alipiga magoti mu matope, akashika kichwa, na neno la kwanza yenye ilitoka mu kinywa yake ilikuwa: "Ngoie." Neno la pili hakuhitaji. Bote balikuwa balisikia "Mungu anaona."

Ile mangaribi Mama Ngoie alipika sawa siku yote. Inje bantu balipita pole karibu na mulango, banasema kwa nguvu ili tusikie. "Muntu wa Mitwaba, unajua bale ba kule?" "Hana mutoto, unafikiri batoto yake bako wapi?" "Aondoke mbele ya Siku ya Mungu, kesho kutwa, ao tutamuondosha shiye." Aliniwekea bukari na kapenta yote yenye alikuwa nayo. Yeye hakula. Mikono yake, yenye haikupumzika hata siku moja tangu nimujue, ilikuwa imelala mu kitenge sawa bintu ya muntu mwingine.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kesho sijui nitawasha mbabula yangu ku parcelle gani."

Asubuhi ya Posho, njo Jumamosi, nilikimbia kwa Papa Tshibangu. Alikuwa anakunywa chai, cravate bado iko ku kiti. Nilimueleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unaikala pale?"

"Ndiyo, Papa."

"Unakula kwake?"

"Kila siku."

"Basi hufai. Expert haende ku nyumba yenye inamulisha." Akavaa cravate, pole. "Lakini miye sitapanda, unajua. Kwa hiyo utapanda, na utasema kwa sauti kubwa, mbele ya bote, kila kintu mukono yako inashika. Na ukiongeza neno moja yenye mukono haikushika, hata kama ni ya kumuokoa ule mama, nitakukatia pale-pale mbele ya bantu, na ngazi yako utaichoma makala. Tunasikilizana?"

Tulikuta parcelle imejaa. Hakuna mwenye aliingia mu dépôt tangu nkuba; kwetu mahali nkuba ilipita haikanyagwe bule. Mama Béatrice alikuwa ku kiti, bantu ba familia ya marehemu bwana yake nyuma yake. Chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, alikuya na fimbo. Ku mulango wa nyuma, Mama Ngoie alikuwa ku kiti yake kiloko ya kupikia, na pembeni yake kifurushi, imefungwa. Alikuwa alisha kufunga bintu yake.

Nilisimamisha ngazi ku avoka. Nilipanda, nikashika, nikalia kwa sauti: "Muti! Ganda imepasuka kutoka juu mpaka ku fundo ya waya! Chini ya fundo, muti iko muzima!" Nikashuka, nikahamisha ngazi. "Waya! Ilibaki kipande tu! Imeyeyuka, imefanya matone sawa mushumaa!" Nikapanda ku dépôt. "Musumari! Mweusi! Mbao yenye inaushika imeungua, na chini ya ile mbao njo mifuko ya kwanza!" Chini bantu baliinua nyuso, na kutoka kule juu niliona uso moja-moja, imelowana na mwangaza, sawa sahani zenye kungoja chakula.

"Basi, sema," Papa Tshibangu akaniita.

"Nkuba ilianguka ku muti. Ilitembea ku waya. Iliingia mu dépôt kwa musumari."

Chef wa avenue alipiga fimbo chini. "Hiyo ni njia. Tunashukuru kwa njia. Tunauliza mwenye alipita. Ni nani?"

"Ni waya, Papa Chef."

"Waya haina kichwa. Nani aliifunga?"

Bantu bote balijua nani aliifunga. Nilisikia muntu wa familia ya marehemu akisema kiloko, "Kumbe ni Mukendi mwenyewe amerudi," na mwingine, "Alililiwa vibaya, nilisema," na niliona Mama Béatrice anageuka rangi. Sababu kama ni bwana yake alirudi kuchoma, basi ni bibi njo alimukosea, na familia ilikuwa inataka ile parcelle tangu siku ya mazishi. Niliona shimo ya pili, karibu na ya kwanza, na ilikuwa ya ule-ule mama mwenye alichimba ya kwanza. Papa Tshibangu aliniangalia. Hakunisaidia.

Na pale, ku pembe ya paa, mukono yangu ikashika kintu. Kola ya shati yangu. Ilibaki paka kola.

"Nani alianika nguo?" nikauliza.

"Nini?" Chef akasema.

"Ninauliza: nani alianika nguo ku hii waya? Miye nilianika. Shati yangu njo hii." Nikaonyesha kola. Kuna mwenye alicheka kiloko. "Weye, Mama Béatrice?"

"Ni waya yangu," akajibu, sauti imekauka. "Nilianika kila siku."

"Mama Thérèse wa kona?"

"Aa, miye ni paka nepi za mutoto."

"Nepi ni nguo. Papa Catéchiste?"

Catéchiste aliangalia biatu yake. "Kanzu ya misa. Sababu kwetu kuko vumbi."

"Papa Chef?"

Chef alikohoa. Bibi yake, mama munene mwenye sauti ya soko, akashika kiuno: "Sema, baba! Kalisoni yako ya bleu, ile nguo ya ndani, iliikala pale tangu Ijumaa asubuhi! Ao munataka niende kutafuta yenye ilibaki?"

Parcelle yote ikalipuka. Bantu balishikana, balilia kwa kicheko. Papa Tshibangu alitoa miwani. Hata Chef, fimbo ikamutoka. Nami kutoka juu nikasema: "Basi, Papa Expert, kama banataka nani, muandike: shiye bote. Avenue nzima ilishika ile waya."

"Na Ngoie?" muntu mumoja wa familia akalia. "Yeye haukumuuliza!"

Kicheko ikapunguka. Nilimuangalia pale chini, ku kiti yake. "Mama Ngoie, weye ulianika?"

Hakusimama. Alijibu pole, sawa muntu mwenye anajibu juu ya chumvi.

"Yangu ilikuwa mu matope."

Mu avenue nzima, ile siku ya nkuba, ku ile waya kulikosa paka nguo ya muntu mumoja, na bote balijua nani aliitoa pale. Mama Béatrice aliinama, akaficha uso mu kitenge. Papa Tshibangu alivaa miwani yake, akasema kwa Kifaransa na kwa Swahili, ili pasiwe njia ya kupotea: "Cause: nkuba. Mutuelle itajenga." Kisha aliniambia kiloko, nilipofika chini: "Ngazi yako inakosa muti mumoja. Utaanguka siku moja." Hiyo njo sifa yenye nilipata. Lakini Lundi, njo Jumatatu, ku bureau ya mutuelle, mahali nilikuwa ninaikala ku mufuko, nilikuta kiti, na ile kiti njo ilinifikisha kuwa expert.

Mama Ngoie alifungua kifurushi yake ile mangaribi, akawasha mbabula pale-pale. Alisema paka: "Shati yako iliungua. Nitakutafutia ingine," na akanitafutia. Mama Béatrice hakulomba samaa, musamaha, hata siku moja. Muntu asiniambie hadithi. Lakini paa mupya ilipowekwa na bunga ya kwanza ikaingia, sahani kubwa ya bunga ilikutwa ku mulango wa nyuma asubuhi, imefunikwa na kitambaa safi, na ilikutwa tena kila mwezi, mpaka Mama Béatrice akafa. Bengine balivuka avenue miaka mingi ili basikutane na Mama Ngoie, ni vile. Yeye, ile neno "Mungu anaona" haikutoka tena mu kinywa yake. Batoto ba Mama Béatrice balimuacha mu ile nyumba mpaka mwezi iliopita, na tulimutolea mu ile mulango, jeneza ikipita chini ya muti ya avoka yenye kovu.

Haya yote nilibaeleza bale bijana ku kilio, chai ikipoa. Balisikiliza muzuri, sitabasingizia. Balicheka pa kalisoni. Na mwishoni ule wa kwanza akanikaribia, akaweka mukono ku goti yangu, akasema kwa siri: "Papa, shiye tunaelewa. Lakini kweli-kweli, kati yetu: ni nani?"

Nilimuuliza: "Hii shati yako, ulianika wapi?"

Leo niko na parcelle mbili ku Kampemba, yote na makaratasi. Niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, na paa mupya. Niko na bibi mumoja na batoto benye balisoma kunipita. Niko na camionnette yenye inawaka siku inapenda. Niko na ngazi mbili za aluminium, na moja ya mbao yenye ingali inakosa muti katikati. Niko na kiti ya kupikia ya Mama Ngoie, balinipatia ku kilio. Niko na kola ya shati, nyeusi ku pembe. Na ku parcelle yangu, kutoka ukuta mpaka ukuta, niko na kamba ya nguo, ya nylon, murefu, na jirani mwenye anataka kuanika, aanike.